Siku Jirani Yetu Alipomfuata Mbwa

Vita ilipoingia Kisangani, baba yangu alikuwa akifanya kazi bandarini. Meli za kutoka Kinshasa ziliacha kupanda mto, bandari ikabaki ya mitumbwi na ya wanawake wanaofua nguo, na baba akarudi nyumbani akakaa. Ndipo mama alipolima kiwanja chetu chote, kuanzia jikoni hadi chooni. Akapanda mboga za lengalenga, matembele na bamia. Tulikula kutoka hapo, na kilichobaki alikipeleka sokoni kwa mafungu.

Upande wa pili wa uzio wa mianzi waliishi seremala mmoja Mwislamu na mke wake. Watoto wao walikuwa wameolewa na kuoa zamani. Ukoo wao ulikuwa mjini tangu enzi za misafara ya biashara ya kutoka pwani, na nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye kuta nene kuliko nyumba zote za avenyu yetu. Mke alikuwa mfupi, mwenye sauti ya juu, na alipenda kuku. Kuku hao hawakujua mpaka. Walipita kwenye nafasi za mianzi wakachakura matuta ya mama, na mama akawatupia madongo huku akisema kwa nguvu ili asikike ng'ambo.

Sisi nasi tulikuwa na mbwa, dume jekundu lenye kifua kipana. Baba alimfuga kwa sababu ya wezi, na baadaye kwa sababu ya askari, maana askari wa vita ile waliingia majumbani mchana kweupe. Mbwa huyo alibweka alfajiri yote, saa ambayo majirani zetu walikuwa wakiswali.

"Mbwa yenu iko naita basoda," yule mke wa seremala alimwambia mama yangu kisimani. "Askari wanapita zao tu, yeye anabweka, wanageuka wanakuja kuangalia kuna nini."

"Na jogoo yako?" mama akamjibu. "Jogoo haitangazi kwamba kuna nyama?"

Kwa kweli wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana hawakupatana. Mambo yalifika kileleni siku mbwa alipomshika kuku aliyekuwa na vifaranga na kumnyonyoa mkia. Kesho yake asubuhi, kabla mama hajavuna, kuku wengine walifukua tuta zima la lengalenga. Mama alikusanya ile miche iliyonyauka, akaibeba kwenye beseni na kwenda kuimwaga kwenye kizingiti cha jirani. Yule mama aliingia ndani, akarudi na manyoya ya kuku wake kwenye sahani, akayaweka juu ya miche. Mimi nilikuwa msichana wa kukaribia kumaliza shule, nilisimama nyuma ya mama na sikujua nitazame wapi.

Shefu wa mtaa aliitwa. Waliketi chini ya varanda ya seremala, wakanywa chai, na ikakubaliwa hivi: kuku wafungiwe bandani mpaka mama amalize kuvuna, na mbwa afungwe kwenye mpapai ulioko mwisho wa kiwanja chetu, mbali na dirisha lao. Yule mama alitaka neno moja liongezwe.

"Kamba iwe ya kweli. Si ile ya kukatika kesho."

Baba alileta kamba ya nailoni ya bandarini na kuifunga kwa fundo la melini, lile ambalo likivutwa linazidi kukaza. Kwa muda mambo yakatulia. Salamu zilikuwa chache, lakini zilikuwepo.

Halafu majeshi mawili ya kigeni yaliyoushika mji, yaliyokuja pamoja kama marafiki, yakageukiana katikati ya mji wetu. Mabomu yalianza asubuhi. Yalipita juu yetu yakipiga mluzi, na kila mmoja alikuwa akisikiliza mluzi ulipokatikia. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo. Seremala alibomoa kipande cha uzio kwa bega lake akamwita baba.

"Papa, kuyeni huku na watoto. Ukuta wenu hautaweza."

Tulikimbia tulivyokuwa. Tulilala sakafuni kwenye ukumbi wao, familia mbili kichwa kwa miguu, na kuku walikuwa wameshaingizwa jikoni. Hakuna aliyemkumbuka mbwa mpaka tulipomsikia. Alilia siku ile yote. Siku iliyofuata sauti yake ilibadilika, ikawa nyembamba, ya kuvuta, kama ya mtoto mwenye homa. Mdogo wangu alianza kulia pia.

Baba alisema, "Ni mbwa tu. Hakuna mutu atatoka hapa kufa kwa sababu ya mbwa."

Yule mama alikuwa ameegemea ukuta na tasbihi mkononi. Mlio mmoja ulipopita na mwingine haujaja, aliiweka tasbihi kwenye mapaja ya mume wake, akakaza kitenge kiunoni, akachukua kisu cha kuparia samaki, na kutoka. Mume wake aliita mara moja. Yeye alikuwa ameshavuka kipande cha uzio kilichoanguka.

Nilimwona kupitia upenyo wa dirisha. Hakutambaa wala hakukimbia. Alitembea katikati ya matuta ya mama kama mtu anayekwenda kuanua nguo kabla ya mvua, na aliruka tuta la bamia asilikanyage. Mpaka leo hilo ndilo linalonishinda: mabomu juu, na mwanamke yule akichagua pa kuweka mguu ili asiharibu mboga za mtu aliyegombana naye.

Mbwa alimwonyesha meno. Kwake huyo alikuwa mtu aliyezoea kumtupia mawe. Yule mama alichuchumaa akasema naye, sikusikia maneno. Kisha alishika kamba karibu na shingo, mkono wake mtupu kwenye manyoya yale ambayo dini yake ilimfundisha kujikinga nayo, na kuanza kukata. Bomu likaanguka nyuma ya avenyu. Ardhi iliruka, vumbi likashuka kutoka darini, na nilipotazama tena alikuwa amelala kifudifudi na mbwa amejibana ubavuni mwake. Nilidhani wamekufa. Akainuka kwa viwiko, akatafuta kisu kwenye udongo, akaendelea kukata palepale alipoachia.

Mbwa alipokuwa huru hakukimbia. Alimfuata yule mama akigusa magoti yake kwa pua kila hatua. Mlangoni mama yule alisimama, akamtazama mume wake.

"Ataingia?"

Seremala alimtazama mbwa aliyekuwa akitetemeka mpaka kucha zake zinagonga saruji. Alinyanyuka, akakunja mkeka wa kuswalia na kuupeleka chumba cha nyuma.

"Aingie," alisema. "Abaki hapo mlangoni."

Mama yangu alimsaidia yule mama kunawa. Alimmiminia maji yetu machache, akampa udongo, akamiminia tena, kama dini ile inavyomwagiza aliyegusa mbwa.

"Kwa nini, mama?" mama yangu akamuuliza.

"Mimi ndiye nilisema afungwe kwa kamba ya kweli."

Watu niliowasimulia huniuliza kama bomu liliangukia ule mpapai baadaye. Hapana. Mpapai ulibaki na ukazaa. Paa letu ndilo lililoondoka, na watu wa avenyu yetu waliokufa tuliwazika kwenye viwanja vyao, kwa sababu makaburini hakufikiki.

Amani iliporudi, ugomvi nao ulirudi, wa kiasi. Kuku walichakura, mama akalalamika, mbwa akabweka alfajiri, na jirani akagonga sufuria ili anyamaze. Lakini mama aliacha kutupa madongo. Alikuwa akiwaswaga kuku taratibu kwa tawi, akiongea nao kwa adabu kama wageni waliokosea mlango.

Siku moja nilimkuta yule mama akitwanga ndizi zilizochemshwa ili afanye mabonge ya lituma. Nikamuuliza kama siku ile hakuogopa. Alisimamisha mchi.

"Niliogopa sana. Ila nilikuwa namsikia. Nikaona bomu nitalisikia mara moja, lakini mbwa yule nitamsikia mpaka nizeeke."

Akaniambia nisogeze ndizi nyingine kwenye kinu, akaendelea kutwanga.