Kura ya Papa Athanase

Huko Kongo Papa Athanase aliwahi kuwa mbunge wa jimbo, muhula mmoja tu. Hapa Durban anavaa koti la njano, analinda magari kwenye maduka ya Bluff. Lakini nyumbani kwetu Cato Manor, vyumba kumi na saba, wote tunamwita Honorable. Wengine kwa heshima, Peguy kwa kumcheka.

Sheria za nyumba alitunga yeye: zamu ya kuosha choo, saa ya kuzima muziki, chumba kimoja kura moja. Na mkono haunyooshwi. Unaitwa jina, unasimama, unasema. Alituambia kwamba bungeni kwao walinyoosha mikono kuhamisha kijiji kwa sababu ya mgodi. Yeye mkono wake aliuacha mapajani.

"Mpaka leo hakuna anayejua nilitaka nini," alisema.

Alhamisi wanaume wa mtaa walikuja na fimbo: wageni wote watoke kabla ya Jumapili saa sita mchana. Tukapigia polisi simu. Walisema watapita. Hawakupita.

Jumamosi asubuhi tukakutana uani. Swali lilikuwa moja: tuhamie wote kwenye ukumbi wa kanisa Clairwood, au tubaki? Papa Athanase akafungua daftari. Yeye ni mwenyekiti, hapigi kura mpaka zilingane.

"Laurette."

"Tuondoke. Niko na watoto watatu."

"Gosbert."

"Tubaki. Tukitoka leo, kesho mwenye nyumba anatia wengine."

"Peguy."

"Tubaki! Nimekimbia Fizi, nimekimbia kambi, nimekimbia Joburg. Eish, Honorable, miguu imechoka!"

Watu wakacheka kidogo. Jina la mwisho liliposomwa, hakuna aliyecheka. Nane kwa nane.

Kwa sheria yake, mwenyekiti akinyamaza, tunabaki. Tulijua wote. Mkewe, Mama Julienne, alijua zaidi, maana saluni yake iko pale barazani, viti vinne na kioo kikubwa.

"Athanase," akamwambia, bila kumwita Papa. "Leo nyamaza tu."

Papa Athanase aliangalia daftari. Honi ikalia barabarani, vichwa vyote vikageuka. Ilikuwa taxi tu.

"Athanase," akaita jina lake mwenyewe. "Tuondoke." Akaliandika.

Jumapili saa tano na nusu, bakkie, pikapu ya kukodi, ilikuwa imejaa mizigo. Peguy amekaa kwenye ngazi, hatikisiki.

"Nendeni nyinyi."

"Ulipiga kura?" Papa Athanase akamwuliza.

"Nilipiga."

"Ulishindwa?"

Peguy akatazama barabarani. Nyimbo za wale wa fimbo zilikuwa zimefika kwenye robot, taa za barabarani za kule chini.

"Basi beba godoro. Ama tukae hapa wawili, maana mwenyekiti anatoka wa mwisho." Akakaa kando yake.

Peguy akatukana kwa Kifaransa, akanyanyuka, akabeba.

Jirani alitusimulia kwa simu: walifika, wakakuta lango wazi, wakaimba, wakaenda. Hata kioo hawakuvunja. Jumatano mwenye nyumba akatia wapangaji wapya.

Sasa ukumbini maneno ni mengi. Si tungebaki? Papa Athanase hasemi tungekufa. Anasema hajui, na jina lake liko kwenye daftari, anayetaka alilaumu.

Mama Julienne anasuka watu nje ya ukumbi, kiti kimoja cha plastiki. Siku nne hakuongea na mumewe. Juzi Peguy alianza tena, "Honorable wa wasio na nyumba," na Mama Julienne akageuka na kitana mkononi.

"Wewe uko hai, unaongea. Kaa chini."