Mkunga Mgeni wa Namuwongo

Hata wiki haikuisha tangu afike kutoka Butembo, mkunga alikwisha kubisha mlango wa kila Mkongomani pale mtaani Namuwongo, Kampala. "Mimi ni mkunga, niko hapa, niiteni," alisema mbiombio, vidole vyake vifupi vikikunja mikono ya blauzi kana kwamba kazi imeanza. Kavugho, aliyempa chumba, alicheka: mtu hajafungua hata mizigo!

Jumamosi asubuhi askari mwenye bunduki aliingia uani, na miaka ile sare ya jeshi ilitosha kufunga milango yote. Kavugho alimvuta mkunga nyuma ya pazia. "Mama ya kuzalisha iko wapi?" askari aliita. "Bibi yangu nasikia uchungu sana!" Mkunga alijichomoa, akikunja mikono. "Bunduki haiingii kwa mzazi," alimwambia. "Wewe utachota maji." Askari akaitikia, "Ndiyo, mama." Kavugho alinyakua kanga safi, akawafuata mbio hadi kambini. Miaka minne Kampala hakuwahi kukanyaga kambi ya askari; kabla ya adhuhuri alikuwa humo ndani, amepakata kitoto cha kike kinacholia kwa nguvu, naye akipiga vigelegele.