Filimbi ya Mama Mkwe

Mwenzenu nimeaibika ukweni. Nililelewa katika shule ya bweni ya kijeshi tangu nina miaka kumi na moja. Filimbi ikilia, unakimbia mstarini na kutaja namba yako.

Majuzi nilikwenda Msalato kwa mama mkwe, mara yangu ya kwanza kulala kwake. Mchana usingizi wa safari ukanichukua. Ghafla filimbi ikalia uani. Nikatoka mbio, peku, khanga moja kifuani, nikakakamaa kama mlingoti.

"Namba thelathini na mbili, nipo, afande!"

Kuku wakatawanyika. Mama mkwe alikuwa na filimbi mdomoni na mtama kiganjani. Kumbe ndivyo anavyowaita kuku wake.

Akanisogelea taratibu, akanifunga khanga vizuri.

"Hapa hatuhesabiwi, mwanangu. Hapa tunaitwa kula."