Siku Waliyomnyoa Bibi Theodosia

Bibi Theodosia aliwashinda kulima wanaume wengi wa kijiji chetu cha Mbingu, na hilo ndilo kosa ambalo kijiji hakikumsamehe. Mumewe, Hermenegildi, alifariki mapema akamwachia watoto wawili, Damiani na Eveline, na ekari tatu za mpunga. Sisi tulipokuwa bado tunatafuta mpini wa jembe, miche yake ilikuwa imeshafika magotini. Ukimpelekea mbegu aliitia punje mdomoni, akaitafuna, akakwambia kama itaota au unapoteza muda. Kila msimu tulikwenda kumwuliza, na kila tulipotoka kwake tulimsengenya njia nzima.

Mimi ni Kasmiri, jirani yake kwa miaka thelathini. Siyasimulii haya kama mtu msafi. Nilikuwamo.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Alikuwa akikusimulia habari ileile mara tatu kabla chai haijapoa. Aliuficha ungo wake nyuma ya pipa, kisha akaja kwangu kunishutumu kwamba nimeuiba. Jumapili moja alitoka kanisani akashika njia ya Mlimba badala ya kurudi nyumbani, na kijana wa bodaboda ndiye aliyemrudisha. Eveline, aliyekuwa akiishi naye, aliingiwa na hofu. Sisi wengine tukasema ni uzee. Neno zuri sana hilo. Ukishalitamka, hudaiwi kufanya lolote.

Msimu uliofuata, Raimundi alimkuta mchana kweupe katikati ya shamba lake, ameinama anang'oa magugu. Mwenye akili angemshukuru kwa kumpalilia bure. Raimundi alipiga yowe.

"Mchawi! Anauvuta mpunga wangu uende kwake!"

Mpunga wenyewe ulikuwa wa manjano tangu zamani, kwa sababu Raimundi alikaa kilabuni mwezi mzima wenzake wakipanda. Kila mtu alilijua hilo. Kwenye kikao kilichoitishwa uani kwake, hakuna hata mmoja aliyelisema.

Damiani aliitwa kwa simu kutoka upande wa Kidatu, anakofanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Alikuwa hajakanyaga Mbingu miaka miwili. Alishuka kwenye basi na viatu vinavyong'aa, na hakuuliza mama yake anakula nini wala analala vipi. Aliuliza, "Watu wanasemaje?" Alipoambiwa, alikubali mama yake akanyolewe.

Kwetu jambo hilo si geni. Mtuhumiwa hupelekwa kwa mganga, hunyolewa nywele zote, hupakwa dawa kichwani, na inasemekana uchawi humtoka. Walingoja siku ambayo Eveline amekwenda Ifakara kuuza mchele. Wanaume saba wazima walimwogopa mwanamke mmoja. Mimi nilikuwa wa nane. Nilijidai nakwenda kuhakikisha bibi haumizwi. Uongo mtupu. Nilikwenda kutazama.

Bibi Theodosia hakushindana nao. Kwa mganga alikalishwa kwenye kigoda, akavuliwa kitambaa, na wembe ulipogusa utosi alitulia kama mtu anayejua kinachoendelea. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nani amekufa?" akauliza.

Ndipo nikaelewa. Alidhani ananyolewa kwa ajili ya msiba.

"Tulia, mama," Damiani akasema.

"Ni baba yenu? Hermenegildi amekufa, nanyi mnanificha?"

Hermenegildi amelala kaburini mwaka wa ishirini huu. Yule mama akaanza kumlilia upya, machozi yanachanganyika na nywele mapajani, huku sisi wanaume wanane tukitazama vidole vya miguu yetu. Mganga aliendelea kunyoa. Raimundi alisema, "Mnaona? Inamtoka." Mpaka leo sijasikia neno la kijinga kuliko hilo, na nimeishi Mbingu maisha yangu yote.

Eveline alirudi jioni akamkuta mama yake mkekani, kipara, akisubiri waombolezaji. Hakupiga kelele. Alikuja uani kwa Raimundi, tulikokuwa bado tumekaa, akatutazama mmoja mmoja.

"Shikamooni," akasema.

Hakuna aliyethubutu kuitikia marahaba.

"Kaka Damiani, huyu mama alikubeba mgongoni mpaka Ifakara ulipougua surua. Leo umeshindwa kumshika mkono. Na wewe Mzee Kasmiri, nilidhani una macho."

Akaondoka. Siku ya tatu alimpandisha mama yake basi, akampeleka hospitali Ifakara. Niliwafuata, maana aibu ilikuwa imeninyima usingizi. Eveline hakunikaribisha wala hakunifukuza.

Daktari alikuwa dada mmoja anaitwa Aikande, mpole lakini asiye na maneno mengi. Alimpima bibi presha, akatoa damu, akauliza kama aliwahi kuanguka au kupigwa kichwani, anakunywa dawa gani, na lini dalili zilianza. Alimwuliza bibi huu ni mwaka gani, akamtajia maneno matatu ayakumbuke. Bibi hakulikumbuka hata moja, ila alimweleza daktari namna ya kutenganisha mbegu nzuri na pepe, zile punje tupu, bila kukosea. Majibu ya damu yalipotoka, daktari alituita tena.

"Mama ana dimenshia," akasema. "Kwa ninavyoona, ni ile inayoitwa Alzaima. Ni ugonjwa wa ubongo. Mambo ya jana yanafutika kwanza, ya zamani yanabaki. Si uchawi, si laana, na si kila mzee anaupata."

"Unatibika?" Eveline akauliza.

"Hapana. Utaendelea polepole. Lakini mnaweza kumfanya aishi vizuri. Msibishane naye. Ratiba yake isibadilikebadilike. Ale, anywe maji, apate kazi ndogo anayoiweza. Na wewe upumzike. Ukiugua wewe, nani atamtunza?" Akanitazama. "Huyu mzee ni ndugu?"

"Ni jirani," Eveline akasema. Lilitoka kama tusi, nami nilistahili.

Nyumbani, bibi bado alikuwa msibani. Kila asubuhi aliuliza kama waombolezaji wamekula. Mwanzoni Eveline alimweleza kwamba hakuna msiba, na kila alipoeleza wote wawili waliishia kulia. Baadaye alikaa naye mkekani akamwambia, "Wameshakula, mama. Wameshiba." Bibi akatulia. Wiki ya pili aliacha kuuliza.

Eveline alizungushia nyumba ua wa matete, akaweka lango linalofungwa kwa nje. Ndani ya ua aliacha kipande chenye ndago tupu. Hapo ndipo mama yake hupalilia kila asubuhi, na hakuna shamba la mtu linalokanyagwa. Mganga, bila shaka, hakuponya chochote. Nywele ziliota, kusahau kukazidi. Raimundi alivuna magunia manne, akasema bibi bado ana mabaki ya uchawi. Ng'ombe ana aibu kuliko mtu huyo.

Mimi nilipewa Jumanne. Eveline anakwenda sokoni, nakaa na bibi. Hanijui. Ananiita mvivu, ananiuliza kwa nini mwanaume mzima amekaa kivulini mchana wote. Zamani ningebisha. Sasa nasema, "Kweli, mama, nisamehe," nachukua jembe nalima pembeni yake. Anaridhika.

Damiani alikuja Pasaka, na vitenge viwili kwenye mfuko wa plastiki. Mama yake alimwamkia, "Shikamoo, padre." Damiani akamgeukia dada yake.

"Itikia," Eveline akamwambia. "Haikuui."

"Marahaba," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akamvuta dada yake pembeni, nami nikasikia, kwa sababu nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nilidhani anaomba radhi.

"Hivi ugonjwa huu," akauliza, "unarithiwa?"

Eveline akamjibu.

"Muulize daktari, Ifakara si mbali. Kwa sasa mama anataka kuoga na maji hakuna. Ndoo ile pale."

Damiani alivua viatu vyake, akakunja suruali, akaenda kisimani. Alichota ndoo mbili. Ya tatu alisema mgongo unamwuma. Nikaichota mimi.