Memori Zilizomfia Klementina

Klementina alihariri video za harusi pale Bariadi, na maharusi wengi wa Maswa hadi Mwanhuzi walijua jinsi alivyochelewa. Kompyuta yake kuukuu ilikwama kila kwaya ilipoanza kuimba. Akaamua kuunda nyingine mwenyewe, vifaa vikija kwa basi kutoka Mwanza.

Ilikuwa Agosti, upepo mkavu, vumbi mpaka kwenye sufuria. Alikaa sebuleni juu ya zulia la manyoya, amevaa sweta la nailoni. Alipogusa kasha la kompyuta, cheche ilimuuma kidole. Hakujali. Alipomaliza kufunga na kuwasha, feni zilizunguka, kioo kikabaki cheusi.

Akampigia Abdulrazak, muuzaji.

"Dada, ulivaa nini wakati unaunda?"

"Kaka, mimi sina muda wa utani."

"Sitanii. Ni umeme tuli. Mwili unaukusanya ukijisugua na sweta na zulia. Wewe unahisi kama umeng'atwa na sisimizi, kumbe memori, kile kijibao cha kumbukumbu, imeshakufa, na alama huioni."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilijua unajua."

Klementina alikata simu kabla hajatoa neno la kujutia.

Ilipokuja memori ya pili, alikunja zulia, akavua sweta, akajifunga khanga ya pamba na kukaa peku juu ya sakafu ya saruji. Kila mara aligusa kwanza chuma kitupu cha kasha ili umeme umtoke. Akaenda kunawa vumbi mikononi. Aliporudi, mumewe Maganga, ametoka mnadani Lalago na jaketi lake la nailoni, alikuwa ameitoa memori kwenye pakiti yake na kuisugua kwa mkono wa jaketi.

"Nimekupangusia vumbi, Mama Gloria."

"Iweke chini, Baba Gloria. Iweke tu."

"Kwani mimi nina umeme?"

Akampokonya, akaipachika hivyo hivyo. Memori ile ilifanya kazi siku chache, kisha kompyuta ikaanza kujizima katikati ya kazi, na saa nyingi za uhariri zikapotea.

Memori ya tatu aliipachika mlango ukiwa umetiwa komeo. Maganga aligonga akitaka ufunguo wa pikipiki, akagonga tena. Klementina aliishika memori kwa kingo zake, akaibonyeza kwenye nafasi yake mpaka ikalia ta, ndipo akafungua.

Safari hii ilikubali, ikaendelea kukubali. Alipopeleka video ya harusi iliyosubiri muda wote huo, bibi harusi alimpokea akiwa na mtoto mgongoni.

"Tulishasahau kama tulipiga video," alisema.

Klementina akaanza kueleza habari za umeme tuli, akaona uso wa yule dada, akaishia kumpongeza kwa mtoto.