Inspekta amefariki, nami ndiye niliyemuua

Jamani, leo nimeua mtu na Mama hajaacha kulia.

Mnakumbuka kile kipindi cha Inspekta kwenye TV, miaka ya tisini? Kila Alhamisi mtaa mzima wa Migosi ulikuwa sebuleni kwetu.

Leo nimepata filamu yake ya miaka hiyohiyo, nikamwekea Mama. Kumbe mwigizaji wa Inspekta walimbadilisha, lakini wa mkewe ni yuleyule!

Mama akaruka. "Yawa! Nani huyo amekalia kitanda cha Inspekta?"

Nami na mdomo wangu huu: "Inspekta alikufa, Mama. Huyo ni ndugu yake, amerithi mjane."

Akaniuliza: "Na mbona hatukuitwa mazishi?"

Sasa ameshampigia pasta. Kesho kanisani tunamwombea marehemu, na mimi ndiye nitakayesoma historia ya maisha yake.

Nisaidieni haraka: Inspekta alizaliwa wapi?