Elise ya Mabawa Matatu

Kilichonitoa Rubondo, kambini kwetu hapa Uganda, ni maharage. Magunia yangu yalikuwa ng'ambo ya ziwa Nakivale, kwa shemeji, yakingoja boti ya kikundi chetu, na boti yenyewe ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa sababu Baba mkubwa Asukulu aliigongesha kwenye jiwe siku ya kwanza tu. Elise ikavunjika. Elise, kwetu tuliotoka Kivu Kusini, ni ile pangaboi inayozunguka majini nyuma ya boti na kuisukuma. Mlishike hilo neno, maana lilinitesa.

Wanakikundi walikaa kanisani baada ya ibada, wakakata shauri: Baba mkubwa aende Mbarara atafute elise nyingine, na kama Jumamosi boti haitakuwa majini, ufunguo wa boti apewe mtu mwingine. Huyu ni kaka wa marehemu baba yangu. Tangu mkewe, mama mkubwa Riziki, afariki, alikuwa anashinda amekaa akitazama ukuta, na ni ukapiteni huu tu uliomrudisha kwenye kunawa uso na kutafuta kofia yake. Nikaona wakimnyang'anya ufunguo atarudi ukutani. Basi nikajitolea kumsindikiza. Nilidhani nafanya wema, kumbe nilikuwa nanunua kesi.

Asubuhi ya safari nilimkuta mlangoni kwake na mfuko mzito, kitu kimefungwa kwa kitenge cha zamani. Nikamuuliza kama ni elise iliyovunjika, tuliyoagizwa kuibeba iwe kipimo. Akajibu, "Ni elise." Nikaridhika. Ningekuwa na akili ningefungua.

Njiani kwenda Kabingo tulipanda boda mbili, yake mbele, yangu nyuma, vumbi lake lote nikila mimi. Hata kwa umbali ule nilimsikia akimhadithia dereva habari za vedeti. Vedeti ndivyo watu wa Baraka walivyoziita boti za zamani za mbao, zenye chumba na madirisha, mashine chini ya sakafu na usukani wa kuzungusha. Baba mkubwa aliendesha moja miaka mingi kwenye ziwa Tanganyika, Baraka hadi Uvira, mali ya tajiri mmoja wa pamba. Habari zake nazijua kwa moyo: rangi nyeupe na mstari wa kijani, mapazia, viti vya ngozi, kengele ya shaba. Boti yetu ya faiba, nyepesi, mashine yake imening'inia nyuma, anaiita beseni. Hajawahi kusema kwamba vedeti ilivuja. Hilo niliambiwa na marehemu mama mkubwa: kila abiria alipewa kopo la kuchotea maji, awe mchungaji au mwizi.

Kabingo tulipata nafasi kwenye fuso ya matoke, mbele kwa dereva. Dereva alikuwa Mnyankore mpole, na kosa lake lilikuwa kuuliza mzee anakwenda kufanya nini Mbarara. Milima yote ya migomba ya Isingiro ilipita hakuna aliyeitazama. Aliposikia kwamba vedeti ilichukua siku nzima kufika mahali ambapo boti ya leo inafika kabla chai haijapoa, dereva alicheka, akasema, "Sasa mzee, hiyo ya zamani ilikuwa muzuri na nini?" Baba mkubwa akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu tuamke. Nilimshukuru Mungu kwa ule ukimya, ingawa haukufika mbali.

Mbarara tuliteremka karibu na safu ya gereji. Niligeuka kununua vocha, dakika moja tu, na Baba mkubwa akawa ameshamkamata fundi mmoja kibarazani.

"Tunatafuta elise," alikuwa akimwambia. "Iko fasi gani?"

"Elise iko kule, nyuma ya soko," fundi akajibu. "Uliza tu, watu yote inamujua."

Nami, kwa kuwa sikuwahi kujua jina jingine la kile kitu, nilifurahi. Nikasema kumbe Mbarara elise zinajulikana hivyo. Tukavuka mji kwenye jua kali, mzee akisimama kila duka kushangaa bei ya rangi, mfuko nikiwa nimeupokea mimi na mkono unataka kung'oka. Nyuma ya soko tukaoneshwa mlango wa hoteli ndogo ya chakula. Mama mnene mwenye aproni akatoka, akatukaribisha viti.

Baba mkubwa alivua kofia. "Mama, tunatafuta elise."

"Ni mimi," mama akasema. "Muko na njaa?"

"Tunataka ya mabawa tatu."

Mama akaingia jikoni, tukasikia vifuniko vya sufuria, akarudi na uso wa masikitiko. "Mabawa imebaki mbili. Nikuwekee na shingo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alianza kueleza kwa mikono, akizungusha vidole na kuvuma kama mashine, na wateja wakaacha kula. Mama Elise alipoelewa, alikaa chini kabisa akacheka hadi akafuta machozi kwa aproni. Akatuambia kwamba hapa kitu hicho kinaitwa propela, na kwamba duka linalouza propela liko palepale tulipoteremkia, mlango wa pili kutoka kwa yule fundi. Kisha akatuwekea matoke na yale mabawa mawili, akakataa tuondoke bila kula. Nilikula kwa hasira. Kuku alikuwa mtamu, na hilo nalo liliniudhi.

Tulipofika kwenye duka lenyewe, muuzaji aliomba aone ile iliyovunjika ili alinganishe. Nikaweka mfuko mezani, nikafungua kitenge, nikabaki nimeshika ncha zake. Ndani hamkuwa na elise ya boti yetu. Ilikuwa ya shaba, nzima, imesuguliwa ikang'aa, pana kama sahani ya harusi. Elise ya vedeti. Watu wengine walikimbia Baraka na godoro, wengine na mbuzi, na Baba mkubwa alikuwa amekimbia na kitu hiki, miaka yote kikikaa chini ya kitanda chake Rubondo.

Nikamuuliza aliileta ya nini, kwa sauti ambayo mtoto hamtolei mzazi. Akasema alitaka waone kwanza elise ya kweli inafanana namna gani, halafu watupatie ya kuikaribia.

Muuzaji aliigeuza, akaigonga kwa kucha. Hakuwa mtu mbaya. Akasema tu, "Mzee, hii ni skrapu. Tunapima na kilo. Niite mwenye mizani?"

 Baba mkubwa alitazama ukuta wa duka, na mimi ule mtazamo naujua. Sijui nini kilinipanda. Nilikuwa nimemchoka mzee huyu tangu Rubondo, lakini niliivuta ile shaba kifuani nikamwambia muuzaji haiuzwi, haipimwi, na asiiguse tena.  Nikaifunga mwenyewe kwa kitenge, na ndipo nilipokitambua: kilikuwa cha mama mkubwa Riziki.

Ikabidi nipige simu nyumbani. Karani wa kikundi alikwenda kuitafuta elise iliyovunjika, akaikuta bandani mwa kuku wa Baba mkubwa, imekandamizia mfuko wa pumba. Akaipiga picha, akaituma, muuzaji akashusha nyingine kutoka kwenye rafu. Nyepesi kama mfuniko. Mzee aliipokea kwa vidole viwili.

Kurudi hatukuongea. Kabingo tulikunywa chai kimya. Nilikuwa nimeutamani ukimya siku nzima, na nilipoupata sikuupenda.

Jumamosi asubuhi aliifunga ile elise mpya mwenyewe, ufunguo ukabaki mfukoni mwake. Wanakikundi waliokuja kushuhudia kushindwa kwake waliishia kusaidia kusukuma boti majini. Mimi nilipanda nikafuate maharage yangu, nikakaa nyuma karibu naye. Mashine ikanguruma, pua ya boti ikainuka, na kwa kweli, ilikuwa safi. Hakuna aliyeshika kopo.

Katikati ya ziwa alianza kunipigia kelele sikioni.

"Yule dereva wa matoke aliniuliza vedeti ilikuwa muzuri na nini. Unajua mama yako mukubwa nilimukutanaka wapi? Mule ndani. Alipanda Baraka anaenda kwa shangazi yake. Mashine iko chini inaimba, batu banaongea pole pole. Nilikuwa na siku muzima ya kumusemesha. Na hii beseni, ningeoa nani? Tungefika hata sijamusalimia."

Nusu yake ililiwa na mashine. Nikamwinamia nisikie. Alisema walipokaribia Uvira, yeye akiwa hajasema neno la maana tangu asubuhi, alimpa Riziki ashike usukani, akamuuliza kama angekubali kuolewa naye, na Riziki akamtazama, akamjibu...

Faiba ikapanda mchanga. Shemeji alikuwa tayari amesimama kwenye maji akipiga makofi. Tulikuwa tumefika.

Tulipakia magunia huku wingu jeusi likipanda upande wa Rubondo. Kila mtu alimhimiza kapiteni afanye haraka. Mimi nilikuwa wa kwanza kuhimiza, maana maharage yakilowa yanaota, na msimu mzima umekwenda.

Safari hii imenifundisha propela ni nini, na kwamba mama Elise wa nyuma ya soko anapika vizuri. La tatu lilinipata katikati ya ziwa, upepo ukianza, ufukwe wetu ukija mbio. Nilikasirika tena, nikatafuta nimkasirikie nani, nikaona nimeukasirikia ule ufukwe. Nikatandaza turubai juu ya magunia, nikamshika Baba mkubwa mkono.

"Baba mukubwa," nikamwambia, "punguza moto kidogo."

Abiria waligeuka kunitazama kama mwenye wazimu. Yeye hakuniuliza kwa nini. Alipunguza hadi mashine ikawa inavuma chini kwa chini, pua ya boti ikatua, na tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya turubai.

"Sasa," akasema, bila kupaza sauti, "tulikuwa tumefika wapi?"